Barua ya wazi kwa wakuu wa shule za sekondari za Moshi na mlimani: faili kwanza, kompyuta baadaye

Kwenu wakuu wa shule za sekondari za Manispaa ya Moshi, Moshi Vijijini, Hai, Siha na Rombo. Wenyeviti na wajumbe wa bodi za shule. Na wazazi mnaochangia vyumba vya kompyuta.

YAH: MAHALI ZINAPOKAA KAZI ZA WANAFUNZI NA WALIMU



Nawaandikia mapema, kabla fedha hazijatoka. Katika mkoa wetu shule haikosi wa kuikumbuka. Waliosoma hapo zamani wanachanga, mzaliwa wa kijiji aliyefanikiwa anapanda nyumbani Krismasi akiwa na ahadi, parokia au usharika unaongeza chake, kisha bodi inakaa kuamua. Swali la kwanza mezani huwa idadi ya kompyuta. La pili huwa bando la intaneti. Kwamba kazi za watoto na za walimu zitakaa wapi, hilo mara nyingi haliulizwi mpaka siku kitu kimepotea. Naomba safari hii liwe la kwanza.

Kazi yangu ni kompyuta na mitandao hapa Moshi. Vyumba vya kompyuta nilivyoingia, mjini na kule juu migombani, vina ugonjwa mmoja: kazi ya mwanafunzi imefungwa kwenye mashine aliyoikalia. Akianza kuandika kwenye kompyuta namba 7, wiki ijayo lazima apate namba 7 tena. Akikuta mwenzake ameshaikalia, anaanza upya. Saplai ya namba 7 ikiungua, kazi ya muhula mzima inakwenda kwa fundi pamoja na mashine, na wakati mwingine hairudi. Mwenye uwezo hununua flashi. Flashi hiyo hupita stendi kwenye duka la stesheneri kuchapisha, ikarudi shuleni na kirusi kinachoficha folda zote na kuweka njia za mkato mahali pake. Mtoto anaamini kazi yake imefutika, kumbe ipo ila haioni. Asiye na flashi hana hata hicho cha kupoteza.

Ninachowaomba ni kwamba, kabla ya kuongeza kompyuta hata moja, shule iwe na seva moja inayotunza folda ya kila mwanafunzi na kila mwalimu, pamoja na utaratibu wa kumwezesha mwalimu kuondoka na faili zake, kuzifanyia kazi bila mtandao, na kuzirudisha bila kuharibu za mwenzake.

Sehemu ya kwanza ya ombi hili si ngeni duniani. Kwenye mfumo endeshi wa Linux kila mtumiaji ana folda yake ya nyumbani, na hakuna sheria inayosema folda hiyo lazima iwe ndani ya mashine aliyoikalia. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilibuni mfumo wa NFS mwaka 1984, na kuanzia hapo folda ya nyumbani ikaweza kukaa kwenye seva huku mtumiaji akiifungua kutoka kompyuta yoyote ya jengo. Mwanafunzi anaandika jina lake na nywila yake kwenye namba 7 leo, kwenye namba 22 kesho, na anakuta faili zake zilezile kama alivyoziacha. Mwaka 2001 wenzetu wa Norway walianzisha Skolelinux, ambayo leo inajulikana pia kama Debian Edu, wakayafunga mambo hayo yote pamoja kwa ajili ya shule: seva kuu inayotunza majina, nywila na folda, na mashine za darasani zinazoitegemea. Haina leseni ya kulipia, na mashine zilizotumika zinatosha kuiendesha. Wala Linux si jambo la kigeni kwetu. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na watu wakaandika barua na kupiga hesabu kwenye programu inayosema Kiswahili.

Hesabu ya diski haitishi. Shule ya wanafunzi 600, kila mmoja akipewa gigabaiti 2 na kuwekewa kikomo asizizidi, inahitaji gigabaiti 1,200. Diski ya terabaiti 2 inazibeba na nafasi inabaki. Kinachosahaulika ni swichi ya mtandao. Swichi ya zamani ya megabiti 100 hupitisha, hata mambo yakienda vizuri, megabaiti 12.5 kwa sekunde kuelekea seva. Wanafunzi 30 wakiingia darasani kengele ikilia na wote wakafungua faili dakika ileile, kila mmoja anapata pungufu ya nusu megabaiti. Watasema seva ni mbovu. Kumbe tatizo ni kuwa waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye seva ni mwembamba. Nunueni swichi ya gigabiti kabla ya skrini mpya. Na swichi hiyo ikae kwenye kabati lenye kufuli: kwa mpangilio wa kawaida NFS huamini namba ya mtumiaji inayotajwa na mashine, hivyo anayechomeka laptopu yake mwenyewe na kujua anachofanya anaweza kujitambulisha kama mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye umeme, maana hapo ndipo miradi mingi ya aina hii imefia huku kwetu.

Masika yakianza, mgrivilea mmoja ukiangukia nyaya kule Uru au Mwika, kata nzima inakaa gizani. Kompyuta za mezani zikizimika zote kwa pamoja, angalau kila mtu anaelewa kilichotokea. Taabu kubwa zaidi ni pale seva inapozimika na mashine za wanafunzi zinabaki zinawaka, kwa mfano zikiwa laptopu zenye betri. NFS imeundwa kusubiri. Programu iliyokuwa inaandika faili haitoi kosa wala haifungi, inaganda ikingoja seva irudi, na kipanya kinaweza kuganda nayo. Mwalimu asiyejua anabonyeza kitufe cha kuzima kwa nguvu, na hapo ndipo kazi hupotea. Angesubiri, seva ingerudi na maandishi yangeendelea pale yalipoishia.

Kuna mafundi ambao wakilalamikiwa kuhusu kuganda huku hubadilisha mpangilio ili NFS ikate tamaa baada ya muda na kurudisha kosa. Darasa linaonekana limepona. Ukweli ni kwamba faili iliyokuwa nusu njiani inaweza kubaki nusu, na hakuna atakayejua hadi siku ya kuifungua. Nawasihi msikubali mabadiliko hayo kwenye folda za nyumbani. Kubalini mashine zisubiri, kisha fupisheni kusubiri kwenyewe: seva na swichi ziwe na UPS yao wenyewe, yenye uwezo wa kuiambia seva ijizime kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Hamhitaji UPS kwa kila skrini. Hamhitaji jenereta ya kuendesha chumba kizima.

Kwa chumba cha kompyuta, basi, folda ya nyumbani iliyo kwenye seva inatosha. Kwa mwalimu haitoshi, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndipo penye uzito.

Mwalimu anafundisha Kibosho na anaishi Soweto mjini. Jioni anapanda daladala na laptopu yake, na maksi za kidato cha tatu anazimalizia nyumbani usiku. Ukimwekea folda ya nyumbani ya NFS kwenye laptopu hiyo, siku akiwa mbali na seva hawezi hata kuingia. Kwa hiyo fundi anaachana na seva, mwalimu anarudi kwenye flashi, na baada ya miezi mitatu kuna maksi za aina tano kwenye mashine tano na hakuna anayejua za kweli ni zipi.

Tatizo hili lilishughulikiwa kwa umakini mkubwa kwenye Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ambako mwaka 1987 Mahadev Satyanarayanan na wenzake walianza kuunda mfumo wa faili ulioitwa Coda. Fikra yao ni ya hatua tatu. Ukiwa kwenye mtandao, mashine yako inajikusanyia mapema faili unazozihitaji. Ukikatika, inajifanya yenyewe ndiyo seva, unasoma na kuandika kama kawaida, nayo inaandika kila badiliko kwenye daftari lake. Ukirudi, inapeleka mabadiliko hayo kwenye seva halisi na kukagua kama kuna mtu mwingine aliyeigusa faili ileile ulipokuwa mbali. Wazee wetu waliochimba mifongo, mifereji ya kumwagilia, waliielewa hatua ya kwanza vizuri: maji ya usiku yalikingwa kwenye bwawa dogo, ili zamu yako ya mchana ikifika shamba lisikose maji hata kama mfongo umepungua.

Coda yenyewe siwashauri muitumie shuleni, ni nzito kuitunza. Lakini fikra yake imo ndani ya vitu vyepesi tulivyo navyo leo. Rsync, ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia, ipo tangu 1996: hutuma zile sehemu za faili zilizobadilika tu, ila huelekea upande mmoja. Unison, iliyotoka kwa Benjamin Pierce na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, husawazisha pande mbili, na ikikuta pande zote zimebadilika huuliza mtu aamue. Syncthing, iliyoanzishwa na Jakob Borg mwaka 2013, hufanya kazi kimyakimya: laptopu ya mwalimu ikiingia tu kwenye Wi-Fi ya shule inaitafuta seva na kubadilishana nayo yaliyo mapya, bila kupita intaneti na bila kula bando hata senti moja. Debian Edu nayo ina mpangilio maalumu wa laptopu zinazosafiri. Mwalimu huingia mara ya kwanza akiwa shuleni, laptopu inaikumbuka nywila yake, na folda yake inakaa ndani ya laptopu yenyewe. Ukiongezea Syncthing juu ya hapo, mwalimu anaondoka na faili zake na seva inabaki nazo.

Sharti moja tu: isisawazishwe folda yote ya nyumbani. Ndani yake kuna mafaili ya kivinjari na ya programu nyingine ambayo ni hifadhidata zilizo wazi muda wote, na kuzinakili zikiwa zinaandikwa ni njia rahisi ya kuziharibu. Tengeni folda moja, iiteni Kazi, na hiyo ndiyo isafiri.

Kuna jambo ambalo programu haiwezi kuwaamulia. Mwalimu wa taaluma na mwalimu wa darasa wote wana faili ya matokeo. Jumamosi kila mmoja akiwa kwake ameibadilisha. Jumatatu wanakutana kwenye Wi-Fi ya shule. Syncthing haitafuta kazi ya yeyote: faili yenye tarehe mpya zaidi inabaki na jina lake, na ya zamani inaongezewa maneno ya kuonyesha kuwa kuna mgongano. Ni uungwana mkubwa, lakini unategemea saa. Laptopu iliyokuja kama msaada mara nyingi kibetri chake cha saa kimeshakufa, kile kidogo cha duara kinachoandikwa CR2032, na kila ikizimika kabisa inaamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita. Kazi ya mwalimu mwenye laptopu hiyo itahesabiwa ya zamani daima, itasukumwa pembeni daima, naye atasema mfumo unamchukia. Kwa upande mwingine, mfumo wa Kerberos ambao Debian Edu hutumia kuthibitisha nywila humkataa mtumiaji ambaye saa ya mashine yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Nimeona mafundi wakipangusa mashine na kuanza upya kwa sababu ya kibetri kinachouzwa kwenye meza ya fundi saa.

Kwa hiyo wekeni vibetri vipya, na seva iwe ndiyo inayozipa mashine nyingine saa. Kisha muandike kanuni ya kibinadamu: faili moja, mwenye faili mmoja. Kila mwalimu wa somo awe na faili yake ya maksi ambayo hakuna mwingine anayeiandika. Mwalimu wa taaluma ndiye anayezikusanya, na azikusanye akiwa shuleni, kwenye seva. Hapo LibreOffice nayo itamsaidia, maana mtu wa pili akifungua faili iliyo wazi kwenye folda ya pamoja huonywa kuwa mwenzake anaitumia. Onyo hilo halimfikii aliye nyumbani bila mtandao. Ndiyo maana kanuni inahitajika kuandikwa na kubandikwa ukutani, kwa saini ya mkuu wa shule, isiachwe kuwa maelekezo ya mdomo ya fundi.

Naomba pia msinielewe kwamba kusawazisha ni kuweka akiba. Mwalimu akifuta folda kwa bahati mbaya saa mbili usiku, asubuhi akiingia shuleni ufutaji huo unasawazishwa kwa uaminifu uleule. Syncthing inaweza kuyatunza matoleo ya zamani, lakini mpaka uiwashie uwezo huo. Diski mbili zinazofanana ndani ya seva zitawaokoa diski moja ikifa, hazitawaokoa na mwizi anayebeba seva nzima, na vyumba vya kompyuta vinajulikana na wezi. Kila wiki nakala moja iende kwenye diski ya nje, na diski hiyo isilale kwenye jengo la kompyuta. Ikae kwenye kabati la ofisi ya mkuu, au kwa mhasibu. Ifungwe kwa nywila, na laptopu za walimu vilevile; Linux inaliwezesha hilo bila gharama wakati wa kuisimika. Maksi, namba za simu za wazazi na taarifa za afya za wanafunzi ni taarifa binafsi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 shule haiwezi kusema haikujua.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike na seva wakati kila kitu kinaweza kuwekwa mawinguni kwa Google. Sina ugomvi na huduma hizo. Mwezi Agosti 2022 TTCL ilizindua intaneti ya kasi pale kambi ya Horombo mlimani, mita 3,720, na mtalii anatuma picha kwa ndugu zake akiwa njiani kwenda Kibo. Nafurahia hilo kama mtu wa mtandao. Lakini Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na nchi ikabaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Mwalimu aliyekuwa na mitihani yake mawinguni aliiona orodha ya majina ya faili bila kuweza kuzifungua. Hakuna waya wa baharini kati ya seva iliyo kwenye ofisi ya TEHAMA na darasa la kidato cha nne hatua hamsini kutoka hapo. Mawingu yawe nakala ya ziada kwa wanaoweza kuyalipia. Yasiwe mlango pekee wa kuingilia kwenye kazi ya shule.

La mwisho ni la utumishi, na pengine ni gumu kuliko yote. Seva nyingi za shule zina mtu mmoja anayezijua. Ni kijana mwenye moyo, amejifunza mwenyewe usiku, hajalipwa ziada. Barua ya uhamisho inakuja, anahamia Singida au Lindi, na nywila inaondoka naye. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila shule iwe na watu wawili wenye uwezo wa kuingia kwenye seva, mmoja asiwe mwalimu wa TEHAMA. Nywila kuu iandikwe, itiwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikae kwenye sefu ya mkuu. Kuwe na daftari la karatasi linaloeleza kilichosimikwa, tarehe, na nani alifanya. Makabidhiano ya seva yafanywe kama ya stoo: anayeondoka anaonyesha, anayepokea anajaribu mbele yake, wote wanatia saini. Na yule kijana apunguziwe vipindi, kwa sababu hii ni kazi.

Shule zilizo jirani zinaweza kushirikiana. Hakuna sababu ya shule tatu za Marangu kila moja kutafuta fundi wake wa kuja mara moja na kupotea, wakati zinaweza kumlipa mmoja azizungukie kila mwezi na kuwafundisha walimu wao. Mkoa huu umejua kuunganisha nguvu tangu siku za chama cha ushirika cha KNCU, na chuo kikuu cha ushirika kiko hapahapa mjini.

Kwenye kikao chenu kijacho naomba liingizwe swali hili katika ajenda, na lijibiwe kwa vitendo kabla ya kusaini manunuzi: mwalimu wa TEHAMA azime seva katikati ya kipindi mbele ya wajumbe, aiwashe tena, na mwanafunzi aonyeshe kuwa aliyoyaandika bado yapo, kisha faili moja iliyofutwa wiki iliyopita irudishwe kutoka kwenye diski ya akiba. Shule isiyo na seva bado, ianze na mashine moja iliyotumika, diski mbili, swichi ya gigabiti na UPS. Nitakuja kusaidia kuisimika kwa shule ya kata yoyote itakayoniita, na nitakachohitaji ni walimu wawili wa kukaa nami hadi tumalize.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa kompyuta na mitandao,
Moshi.